Namna ya Kumjua Mwanamuziki wa Zamani Bila Kumjua

Umefikia umri wa kukaa maskani na huna la kusema. Siasa zina wenyewe, mpira una wenyewe, na kwa habari za bandari kila mtu ana shemeji yake huko Kilindini. Usijidharau, yakhe. Ipo nafasi moja ambayo mitaa yote ya ng'ambo ya kisiwa, Likoni, Kisauni na Changamwe, bado inatafuta mtu wa kuijaza: mjuzi wa maisha ya ndani ya wanamuziki wa zamani. Nyimbo zao waachie wengine, siku hizi ziko kwenye simu ya kila mtoto. Wewe shika mambo yao. Nani alimpenda nani, nani alimroga nani, pesa zilikwenda wapi, na usiku ule hasa kulitokea nini.

Kazi haina mshahara lakini ina kahawa ya bure. Fuata hatua hizi, na kabla ya Ramadhani ijayo utakuwa unaitwa mzee hata kama huna mvi.

1. Chagua marehemu

Aliye hai ni hatari. Ana simu, ana watoto, na siku hizi ana wakili. Mtafute aliyekwisha kutangulia, na kama unaishi Kisauni huna haja ya kwenda mbali, Mbaraka Mwinshehe ni wako. Alikuwa mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, akaenda na wenzake hadi Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, akaiacha bendi hiyo mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Januari 1979 alipata ajali ya gari Kisauni, ikamuua. Alikuwa na miaka 34. Yaliyo na uhakika ni hayo tu, na uchache wake ndio mtaji wako.

Usijishughulishe na alivyolipiga gitaa. Wanaojua gitaa watakuchosha na nyuzi zao. Wewe nenda moja kwa moja barabarani, penye ajali. Utakuta umetanguliwa. Kila mwanamume wa Kisauni aliyevuka miaka sitini alikuwepo pale: mmoja aliufungua mlango, mwingine alileta maji, wa tatu alitoa shati lake lifungwe jeraha. Ukiwajumlisha wote, gari halikuwa na nafasi ya kupita, sembuse ya kugongana. Usiwapinge, maana watakuuliza wewe ulikuwa wapi. Chukua wimbo wake wowote wa huzuni, "Shida" unatosha, tikisa kichwa, sema alikuwa anajua. Kwamba mtu anayerekodi nyimbo nyingi lazima mojawapo iwe ya huzuni, hilo usilitaje.

2. Usiwe shahidi, uwe jamaa wa shahidi

Shahidi huulizwa maswali. Mpwa wa shahidi huulizwa tu kama aongezewe kahawa. Kwa hiyo mtafute ami, naye awe marehemu, mwenye kazi ambayo ingemweka karibu na watu wakubwa: dereva wa teksi, bawabu wa hoteli, fundi wa spika, mshona suti. Mshona suti ndiye bora wao. Mwanamuziki hana budi kuvua koti mbele yake na kusimama mikono juu huku akipimwa kifua, na mtu akisimama hivyo husema mengi.

Hapa jiografia itakubeba, ilimradi ukumbuke unaishi wapi. Wa Changamwe ndio mlioandikiwa. Barabara ya Nairobi, reli na uwanja wa ndege, vyote vinafika kwenu kabla ya kufika kisiwani. Hakuna nyota aliyetoka Nairobi kuja kuimba Mombasa asipite mbele ya mlango wenu. Sema alisimama akanunua mahindi ya kuchoma. Nani atayakanusha mahindi? Wa Likoni mna feri, nayo ni neema nyingine: juu ya feri mwimbaji na muuza korosho husimama bega kwa bega, na hakuna pa kukimbilia mpaka mfike upande wa pili.

Wa Kisauni, jihadharini na daraja. Wengi wameangukia hapo. Daraja la Nyali tunalolivuka leo lilifunguliwa mwaka 1980, na Mbaraka alishakufa tangu mwaka uliotangulia. Ukimpitisha juu ya zege lile akipunga mkono dirishani, umekwisha. Mpitishe kwenye daraja la zamani, lile la kuelea lililokuwapo tangu 1931, na uliache gari liyumbe kidogo. Wazee wakisikia limeyumba watakuamini hata ukisema Elvis Presley alikuwa kiti cha nyuma. Naye wala hangeshangaza: alifariki Agosti 1977 na bado kuna Wamarekani waliomwona dukani.

Usimshushe kwenye basi la Tanga pia. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, haukufunguliwa tena hadi 1983. Sasa alifikaje? Fumba macho kidogo, sema "Alikuja," kisha piga funda la kahawa.

3. Mpe mwanamke

Mwanamuziki bila mwanamke ni fundi tu. Na kwa kazi hii Mungu ametupa "Malaika".

Sikiliza hesabu yake. Fadhili William, kijana wa Kitaita, aliurekodi Nairobi akiwa na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi anafariki mwaka 2001 alishikilia kwamba ni wake. Adam Salim wa Tanzania akasema aliutunga yeye, tena tangu miaka ya 1940. Grant Charo naye akaleta dai lake. Wapo wanaoapa kuwa mwenyewe ni Lucas Tututu wa hapahapa Mombasa. Huku wakivutana, Miriam Makeba aliupeleka duniani, na mwaka 1981 Boney M wakautia disko. Mwanasheria akitazama hapo huona kesi. Wewe tazama vizuri: watunzi wanne, kila mmoja na aliyemlilia, maana yake wapo malaika wanne, na hakuna sheria inayozuia wa tano kuwa wa Mtongwe.

Kigezo ni kimoja. Wimbo ni wa kijana aliyekwama kuoa kwa kukosa mali. Nionyeshe mtaa wa pwani usio na bibi aliyewahi kuposwa na kijana asiye na kitu. Mabibi wote wamefuzu. Jina usilitaje, ana wajukuu na mmoja wao anabeba vyuma. Sema tu "yule bibi wa karibu na kisima, ambaye sasa haoni vizuri." Kila mtaa una bibi huyo na una kisima hicho.

Na kwa jina la Mola, usiende kumuuliza. Mjuzi mmoja wa Likoni alifanya ujinga huo. Alimkuta bibi amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, sinia la machicha mbele yake. Akamwamkia shikamoo, akaanza kwa mbali, mvua, bei ya unga, hatimaye akafika kwa mpiga gitaa. Bibi hakusimamisha mkono.

"Alikuja kweli, mjukuu wangu. Na mahari alikuwa nayo."

"Sasa ikawaje, bibi?"

"Nilimkataa mimi. Mtu analala mchana, anaamka magharibi, utapika saa ngapi?"

Mjuzi wetu alirudi maskani uso umemshuka. Lakini alikuwa mtu wa kipaji. Aliketi, akapokea kikombe, akasema kwa huruma kubwa kwamba maskini yule bibi, uzee umemchukua, hata mahari hakumbuki tena kuwa yalikosekana. Watu wakasikitika. Siku hizi anaheshimiwa kuliko zamani.

4. Soma kila wimbo kama hati ya kiapo

Mwimbaji akisema "mimi", ni yeye. Akisema "mwenzangu", ni mkewe. Akisema "jirani", huyo jirani anajulikana na ukoo wake. Sheria hii usiivunje, kwa sababu ukianza tu kuuliza nani aliyetunga maneno, maskani itabaki na muuza kahawa peke yake.

Mtazame Juma Bhalo. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, aliiliza Mombasa nzima kwa taarabu yake, akafariki Aprili 2014. Watu wamejenga juu ya nyimbo zake ndoa, talaka na fitina za kutosha mji mzima. Sasa ukweli wake ni huu: mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa "Malenga wa Mvita", na mahadhi yake mengi yalitoka kwenye filamu za Kihindi. Yaani uchungu ni wa mshairi, kama ulikuwa uchungu. Sauti ya kulia imepanda meli kutoka Bombay. Na koo lililoimba ni la mtu wa tatu. Humo ndimo wewe unatakiwa utoe jina la mwanamke wa mtaa wa pili.

Utaweza. Mtu akikurushia habari za Ahmad Nassir, usibishe. Mkubalie upesi, sema "Enhe, basi ni mambo ya mtunzi," na uendelee na hadithi ileile. Fumbo lililofumbwa sawasawa halina jina ndani yake, ndiyo maana kila asikilizaye hulikuta linamtosha jirani. Wanawake wa arusini wamelijua hili zamani na hawahitaji mwongozo wangu. Mwimbaji anaimba zake, macho chini. Mmoja anainuka na noti, anaipeperusha, na badala ya kwenda jukwaani moja kwa moja anapita polepole mbele ya mtu fulani. Kesi imeshahukumiwa. Mwimbaji mwenyewe atasikia kesho kwamba wimbo wake ulikuwa unamhusu nani.

5. Mali

Mwanamuziki wa zamani ana hali mbili: alikuwa na mamilioni yakaliwa, au alikufa hana nauli. Hali ya katikati, ya kulipa kodi ya nyumba na karo na kukopa unga dukani, haina msikilizaji, kwa sababu wasikilizaji wako ndimo wanamoishi.

Fadhili William hutumika pande zote mbili. Wimbo ulizunguka dunia, basi Jumatatu mtajirishe. Mrabaha haukumfuata kwa kasi ileile, basi Alhamisi mfukarishe. "Jambo Bwana" uuache. Nusu ya dunia inadhani hauna mwenyewe, umeota tu ufukweni pamoja na minazi, kumbe aliyeutunga ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa tumbo moja iliyoanzia Mombasa mwaka 1972, na ulitoka mwaka 1982. Una mtunzi, una bendi, una mwaka. Hauna faida yoyote kwako.

Umri nao uzidishe. Bi Kidude alipofariki Unguja Aprili 2013 kila mtu alikuwa na hesabu yake, wengine walishavuka mia na kumi, na hakuna aliyekuwa na cheti.

6. Jini

Gitaa likipigwa vizuri kupita kiasi, weka jini. Hili si letu peke yetu. Robert Johnson wa Mississippi, aliyefariki mwaka 1938, aliacha nyimbo 29 na uvumi mmoja kwamba alimuuzia shetani roho yake penye njia panda, na uvumi ndio uliosafiri zaidi. Kwetu tunaye Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyepiga kwa gumba na kidole cha shahada, watu wakasikia magitaa mawili. Mwenye akili timamu atakuambia ni mazoezi. Mazoezi hayasimuliki: mtu yuko peke yake chumbani, anakosea, anarudia. Jini ana mahitaji. Anataka ubani, anataka usiku wa manane, anataka kafara, na kila hitaji ni jioni nzima ya mazungumzo.

7. Ukishaiva, vua samaki mkubwa

Hapa nazungumzia Freddie Mercury. Wengine wanakuambia alizaliwa Uajemi, wengine Bombay, wengine wanakubali Zanzibar kisha wanasema aliondoka akiwa mchanga. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Alikuwa na miaka 17. Kijana wa miaka 17 wa Mji Mkongwe anajua kila uchochoro na kila aliyemo.

Wenzetu wa Unguja wametutangulia. Uliza nyumba yao, utaonyeshwa zaidi ya moja. Na hapohapo penye watu wa kukuonyesha nyumba, pana wasiotaka kumsikia. Mwaka 2006 palipopangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Uamsho ilipinga kwa sababu ya maisha yake ya faragha, na sherehe haikufanyika. Mtu mmoja, kisiwa kimoja: huyu anamuuza, yule anamkana, na wote wawili hawakuwahi kuonana naye. Hapo ndipo utakapojua kazi yetu haina mipaka ya dini wala biashara.

Sisi tumechelewa, lakini mlango upo. Zamani zile meli za British India zilizokwenda kati ya Bombay na Zanzibar zilitia nanga Kilindini. Hilo ni kweli tupu, lishike kwa mikono miwili, kwa sababu ni la mwisho. Kuanzia hapo jisaidie. Mshushe yule mvulana wa shule, meli inapakua na ana saa mbili za bure. Mpandishe feri ya Likoni. Mnunulie muhogo wa kukaanga na pilipili ya ndimu. Ami yako, wakati huo kijana, awe amesimama nyuma yake, na amsikie anapiga mluzi. Usiseme alikuwa anapiga mluzi wimbo gani. Waache wao wautambue.

8. Mzee asiyesema

Katika kila maskani yupo mzee mmoja kimya. Anakaa mwisho wa benchi, bakora mapajani, anachovya kashata kwenye kahawa bila haraka. Wewe umeshafika patamu, mwanamuziki amemwegemea ami yako na kumnong'oneza siri, dele limesimama hewani na muuza kahawa amesahau kumimina. Ndipo mzee anauliza:

"Mwaka gani huo, mwanangu?"

"Zamani, mzee wangu."

"Zamani ina miaka mingi. Ukumbi gani?"

"Ule uliovunjwa."

"Ulivunjwa lini?"

"Mzee, kahawa yako itapoa."

Usikasirike. Usiape. Wasioijua kazi hii huapa hapo, na akiapa mtu mbele ya mzee kama yule huwa amejimaliza. Fanya kinyume: simama, mpishe nafasi ya katikati, sema kwa adabu, "Labda mzee atuongezee, yeye alikuwepo." Kwa sababu alikuwepo kweli. Alipiga besi.

Mzee atasafisha koo. Watu watasogea. Naye atasema kwamba alipiga naye siku mbili, kwamba alikuwa mtu mpole, hapendi makelele, alikula wali wake, akalala, akaamka, akafunga nyuzi mpya, akapiga. Basi. Mwanamke? Hakumwona. Jini? Hakulisikia. Pesa? Waligawana sawasawa na za nauli zikatolewa kwanza.

Kutakuwa na kimya. Mmoja atatazama simu. Mwingine atakumbuka ana mgonjwa. Na kabla ya adhana ya isha watakuwa wamekugeukia wewe, na mmoja atauliza, kwa sauti ya chini ili mzee asisikie, hivi yule ami yako alinong'onezwa nini.

Mlipie mzee kahawa yake, anastahili. Kisha endelea pale ulipoachia. Na akitokea mtu akataka kujua wewe mwenyewe ulikuwa na umri gani mwaka 1979, tazama saa, mwambie feri inakuacha. Kama unaishi Changamwe, ambako hakuna feri, sema matatu.